Nyonga Isiyouma

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Salvina alikwenda kitubioni kuungama wivu, na kila mara padri alilazimika kumkatiza, maana akishaitaja dhambi yake alianza kueleza sababu zake, na sababu zote zilikuwa na jina moja: Monica. Alipewa malipizi, akayasali palepale kwenye benchi la nyuma, akatoka kanisani moyo mweupe. Weupe wenyewe ulidumu hadi kwenye kona ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, pale alipomwona Monica akipita na mzigo wa majani kichwani.

Hawa wawili walikuwa wameolewa na ndugu. Salvina alikuwa mke wa Rogath, kaka mkubwa, ambaye siku nyingi alikuwa Holili akihangaika na biashara ya mahindi ya mpakani. Monica alikuwa mke wa Fabian, mdogo mtu. Nyumba zao zilitazamana ndani ya kihamba kimoja kule Mwika, na katikati ilikaa nyumba ya mama mkwe wao, Mama Margareta, mjane wa katekista. Wake wa ndugu huitana wake wenza, ingawa hakuna mume wanayegawana. Walichokuwa wakigombea wawili hawa, au niseme alichokuwa akigombea mmoja, kwa kuwa mwenziwe hata hakujua kuna mashindano, ni neno jema la yule mama.

Na neno jema la Mama Margareta halikutoka hovyo. Mwaka ule wa 2005 kahawa ilikuwa imeshawachosha watu. Wengine waling'oa mibuni kimyakimya, na nyumba nyingi zilisimama kwa maziwa. Ng'ombe wa kihambani hatoki nje. Hukaa bandani kama bibi harusi, na wanawake ndio wanaoshuka mashamba ya chini kumkatia majani na kupanda nayo mlimani. Kwa Mama Margareta, mwanamke alipimwa kwa mzigo anaopanda nao na kwa namna anavyochuchumaa kukamua. Mengine yote, uzuri, elimu, kuimba kwaya, aliyahesabu kuwa mapambo.

Monica alipanda na mzigo mkubwa hata ukimwona kwa nyuma ulidhani majani yenyewe yameota miguu. Akiutua, alicheka. Kisha alichuchumaa chini ya ng'ombe, magoti karibu yaguse mabega, akakamua ndoo ikajaa huku anaimba. Salvina alikuwa na umri uleule, arobaini na moja, na alikuwa amemtangulia kuolewa pale kwa miaka sita, lakini nyonga yake ya kulia ilikuwa imemgeuka. Akichuchumaa alihisi kama mtu amemchomeka kigingi kinenani. Akikaa kwenye kigoda, kunyanyuka ilikuwa kazi ya kushika ukuta na kuuma midomo. Kwenye njia tambarare alitembea vizuri tu, na hapo ndipo balaa lake lilipokuwa. Hapakuwa na uvimbe wala kidonda, wala kitu chochote cha kumwonyesha mtu.

"Mguu unaouma saa ya kukamua na kupona saa ya kwenda gulioni," alisema Mama Margareta siku moja, "mimi huo sijauona tangu nizaliwe."

"Unaniuma kweli, mama."

"Sawa, Mama Tito. Wewe pumzika. Mama Pamela atakamua."

Mama Tito ndiye Salvina, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama Pamela ndiye Monica. Na lile neno "pumzika" lilimchoma Salvina kuliko tusi. Tusi angalau unaweza kulijibu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kati ya migomba, akalia kwa hasira, huku kule bandani Monica anaimba.

Halafu kulikuwa na ile medali. Wiki aliyoolewa, Monica aliamka kabla ya jua akafagia banda bila kutumwa na mtu, na Mama Margareta akafungua sanduku lake, akatoa medali ndogo ya Bikira Maria ambayo marehemu mumewe alipewa zamani na mmisionari, akambandikia kwenye kiuno cha gagulo kwa pini. "Ikulinde kiuno, mwanangu," akamwambia. Salvina alipoolewa alipewa sufuria. Ilikuwa sufuria nzuri, ya kupikia mtori wa ukoo mzima, lakini hakuna mtu anayetembea na sufuria kiunoni. Tangu siku ile kila Monica alipochoka akaegemea na kupapasa kiuno chake, Salvina alijua anapapasa nini.

Mwezi wa Agosti nyonga ilizidi, naye akashuka Moshi mjini, kwenye hospitali moja kubwa. Daktari aliyempokea aliitwa Riya, binti wa mwenye duka la vyuma palepale mjini, aliyezaliwa na kukulia Moshi na kuzungumza Kiswahili cha sokoni kama mtu mwingine yeyote. Alimlaza kitandani, akalikunja goti lake kuelekea kifuani, akaligeuza ndani kidogo. Salvina akapiga ukelele.

"Hapo?"

"Hapo hapo, daktari! Ruwa wangu, Mungu wangu, hapo hapo!"

Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya maumivu peke yake. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa ameyagusa maumivu yake kwa mkono.

Daktari Riya akamwambia kwamba anafanya utafiti. Kila anayeumwa nyonga alitakiwa aje na mtu wa umri wake, wa kazi kama yake, ambaye haumwi kabisa, wote wawili wapigwe picha za eksirei bila malipo ili walinganishwe. "Unaye mtu kama huyo?" akauliza.

Alikuwa naye! Alikuwa naye kuliko wagonjwa wote wa mkoa ule. Njia nzima ya kurudi Mwika alilitafuna jambo hilo kama muwa. Kwanza, angepata picha ya kumwonyesha mama mkwe, mfupa wake mwenyewe, mbovu, mchana kweupe. Pili, na hili hakulisema hata kwa Mungu, alitaka kuona ndani ya Monica. Haiwezekani mtu abebe mizigo ile miaka yote na mifupa yake isidhurike. Lazima kulikuwa na kitu humo, na picha ingemwumbua.

Monica alipoombwa alikubali papo hapo. "Kama itakusaidia, mke mwenzangu, hata kichwa wanipige," akasema. Salvina aliudhika kwamba hakutaka kubembelezwa hata kidogo.

Siku ya siku Monica alifika hospitali na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye kikapu, na kabla ya saa nne wauguzi wote walikuwa wanamwita dada. Mpiga picha alimtaka aondoe chochote cha chuma mwilini. Monica akavua hereni, akasema hana kingine. Medali hakuigusa, kwa sababu kwa akili yake chuma ni jembe, panga na bati. Medali ni medali.

Baadaye Daktari Riya aliziweka picha mbili kwenye kisanduku cha mwanga, akawaita wote wawili. Alianza na ya Salvina. Alieleza kwamba mfupa wa paja unaingia kwenye nyonga kama mchi ndani ya kinu, na kichwa cha mchi kinatakiwa kiwe duara safi ili kizunguke bila kugusa ukingo. "Kwako hapa pana kinundu. Ukichuchumaa, kinundu kinagonga ukingo wa kinu. Ndiyo maana unaumia."

Salvina alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Kinundu kilikuwa kidogo mno. Asingeonyeshwa kwa ncha ya kalamu asingekiona. Lakini kilikuwepo, na alikipenda kama mtoto.

"Na huyu?" akauliza, akionyesha picha ya Monica kwa kidevu.

Daktari aliisogelea ile picha. "Huyu ndiye ananishangaza. Kinundu chake ni kikubwa kuliko chako. Tazama." Na kweli, hapakuhitajika kalamu. Kilichomoza kwenye shingo ya mfupa kama kidole gumba. "Mama Pamela, huumwi kabisa?"

"Siumwi, daktari."

"Ukichuchumaa? Ukipanda mlima na mzigo?"

"Nasikia njaa tu."

Daktari Riya alicheka, kisha akawaambia jambo ambalo Salvina alilisikia kama hukumu. Watu wengi wana vinundu vya namna ile, alisema, na hawajui. Wengine huzeeka navyo na kuzikwa navyo bila kuumwa hata siku moja. "Kwa hiyo picha peke yake haisemi nani anaumwa. Mimi sitibu picha, natibu mtu. Mama Tito, wewe unaumwa, na nimekuamini kabla ya kuona picha. Usichuchumae sana, tafuta kiti kirefu, nami nitakufundisha mazoezi. Mama Pamela, wewe endelea na maisha yako, usianze kuogopa mguu ambao haujakukosea." Kisha akagusa doa dogo jeupe, umbo la yai, pembeni mwa picha ya Monica. "Na hiki ni nini?"

Monica alipapasa kiuno, akashika mdomo. "Ah! Huyo ni Bikira Maria."

Walicheka wote isipokuwa Salvina. Alikuwa amekuja kumwona Monica ameharibika, na amemwona ameharibika kuliko yeye, na bado hakuwa amepata kitu. Mfupa mbovu, mzigo mkubwa, kicheko kilekile! Kama mfupa wa Monica ungekuwa mzima, angesema Mungu amempendelea mifupa. Sasa angesema nini? Mungu alikuwa amewapa wote mfupa uleule, kisha akampa Salvina maumivu ya wote wawili. Hivyo ndivyo alivyoona, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine.

Picha walipewa waende nazo, kila mmoja na bahasha yake.

Jumapili baada ya misa Salvina alimwendea Mama Margareta barazani. Aliitoa picha, akaiinua kuelekea jua, akaeleza habari za mchi na kinu. Mama Margareta alikunja macho, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kinundu kiko wapi?"

"Hapa, mama. Hapa penye kidole."

"Toa kidole nione." Salvina akatoa kidole. "Mimi naona mifupa, Mama Tito. Hata mbuzi ana mifupa."

Fabian, aliyekuwa anakunywa pombe ya mbege kwenye kona ya baraza, alikohoa ili asicheke. Salvina aliishusha picha. Masikio yalimwaka moto. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani cha kuonyesha kwamba si mvivu kilikuwa kimeangaliwa, kikafananishwa na mbuzi.

Monica alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliweka ungo chini, akaingia nyumbani kwake, akatoka na bahasha ya pili.

"Mama," akasema, "hospitali walitubadilishia bahasha. Hiyo unayoitazama ni yangu mimi. Ya Mama Tito ni hii."

Salvina alijua bahasha hazikubadilishwa. Monica hakumtazama. Aliiinua picha juani, na kile kinundu kikaonekana hata kwa Fabian pale kwenye kona, aliyesimama na kata yake mkononi akasema, "Lahaula!" Mama Margareta alipitisha kidole chake polepole juu ya picha, kwenye kile kinundu, kisha pembeni, kwenye lile doa umbo la yai, kikakaa hapo kidogo. Salvina aliacha kupumua. Kidole kikaendelea.

"Maskini mwanangu," Mama Margareta akasema. "Na hiki umekichuchumalia miaka yote hii?"

Alisimama mwenyewe, akaingia ndani, akatoka anakokota kiti cha marehemu katekista, kirefu, chenye mgongo, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba. Akamkalisha Salvina. Akaagiza achemshiwe mtori wenye nyama. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile Mama Tito hashuki tena kukata majani, na majani ya ng'ombe wote atapandisha Mama Pamela.

"Sawa, mama," akasema Monica, akarudi kwenye ungo wake.

Basi Salvina akapata yote. Aliaminiwa. Aliulizwa hali kila asubuhi. Wanawake wa jumuiya walikuja kumpa pole, akawatolea ile picha chini ya godoro, nao wakashika vifua. Mazoezi ya Daktari Riya aliyafanya, na maumivu yakapungua kiasi. Lakini kila saa kumi jioni, akiwa amekaa kwenye kile kiti cha heshima, alimwona Monica akipanda na mzigo, akiutua, akishuka tena kufuata wa pili. Na wivu wake, ambao ulipaswa kushiba, ulikula vizuri zaidi kuliko zamani. Zamani alimwonea kijicho kwa mgongo na miguu. Sasa alimwonea kijicho kwa kitu ambacho hata kukiiga hakuweza. Angekuwa yeye, angetoa picha yake? Alijiuliza hivyo akichambua maharage, na kwa kuwa jibu alikuwa nalo, aliyachambua kwa hasira hata mazima akayatupa.

Alianza kuutazama mwendo wa Monica. Kinundu kikubwa namna ile, haiwezekani kisiamke. Alitafuta kuchechemea kidogo, kuuma mdomo kidogo, kushika ukuta. Katika rozari ya jioni aliingiza nia moja ambayo hakuitaja kwa sauti. Kitubioni hakuitaja pia, na hilo lilikuwa jambo jipya, maana huko nyuma padri alikuwa anapata yote.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimeanza na njia imekuwa utelezi, Monica alipanda na mzigo wa kwanza, akafika kwenye ua wa miti ya masale, akasimama. Hakucheka. Aliutupa mzigo chini, akashika nyonga kwa mkono mmoja na ua kwa mwingine, akainamisha kichwa.

Salvina aliinuka kitini. Furaha ilimjaa kifuani, ya kweli, kama ya mtu aliyejibiwa sala. Ilidumu pumzi moja. Baada ya hapo akaona yatakayofuata, yote, kama vile yameshatokea: Monica anasema mguu unamuuma, na Mama Margareta anamwambia, mbona picha yako ilikuwa safi? Anamwambia, pumzika. Na Monica hana cha kuonyesha, kwa sababu cha kuonyesha kiko chini ya godoro la mtu mwingine.

Hakujua amefikaje chumbani. Alijiona tu ameshika ile picha, yuko mlangoni kwa mama mkwe, anahema.

"Mama, hii si yangu. Ni ya Monica. Ile uliyosema ni ya mbuzi ndiyo yangu."

Mama Margareta alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Medali ile si nilimpa mimi? Nimekaa nayo sandukuni miaka mingapi, nishindwe kuijua?"

Salvina aliegemea mlango. "Sasa kiti ulinipa cha nini, mama? Mtori wa nini?"

"Mimi kile kinailoni chenu sikijui," akasema mama mkwe, akitupa ganda. "Monica namjua. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda na wewe shambani, ndiye aliyekuwa akikuona ukiinama. Kama ungekuwa mvivu, asingekupa picha yake. Nikasema, basi, Mama Tito anaumwa kweli."

Miezi yote ile ya pole na mtori, alikuwa ameaminiwa kwa neno la Monica. Hata maumivu yake mwenyewe yalikuwa yamedhaminiwa na Monica.

"Mama Tito!" Monica aliita kutoka kwenye ua. "Mke mwenzangu, njoo unisaidie! Mwiba huu utaniua!"

Salvina akatoka. Monica alikuwa ameshachuchumaa kwenye matope, kisigino kimoja kimewekwa juu ya paja la pili, goti limelala pembeni, mkao ambao nyonga ya Salvina isingeukubali hata kwa kulipwa. Unyayo ulikuwa unatoka damu. Nyonga aliyoishika ilikuwa nyonga tu, ya kujishikilia asianguke.

"Hapa hakuna sindano," Monica akasema. Akapeleka mkono kiunoni, akachomoa ile pini, akaitoa medali. "Nishikie hii."

Akainama juu ya unyayo wake, akaanza kuchokoa, akiuma ulimi kama mtoto. Salvina alisimama mvuani, picha kwapani, medali kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoidhania miaka yote, na ilikuwa bado na joto la kiuno cha Monica. Mwiba ulitoka. Monica akautazama, akautupa, akacheka kicheko chake kilekile, akanyanyuka mara moja bila kushika kitu.

"Haya, nipe medali yangu," akasema, akinyoosha mkono.

Salvina alikuwa ameufumba mkono, na alichelewa kuufumbua.